Nilimheshimu baba mkwe kwa kapasita mpya tupu, mashine yake ya oksijeni ikagoma

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni msomaji wa humu wa siku nyingi, nachangia mara moja moja, hasa mnapobishana kuhusu betri. Leo nafungua uzi wangu wa kwanza. Anayetaka chai akanywe jikoni kwake. Hapa naandika kilichonikuta, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Uzi una umeme ndani yake, lakini hata kama hujawahi kufungua plagi utaelewa. Nimejitahidi.

Kwanza mnijue. Ni mwanamke, fundi wa elektroniki, Mhehe wa Kalenga. Nimeolewa na Mnyakyusa, tunaishi Ilomba hapa Mbeya, vyumba viwili vya kupanga na kibanda changu cha ufundi mbele, barabarani. Diploma ninayo. Nasema mapema kwa sababu kuna watu wakisikia fundi mwanamke wanauliza kama nashona na magauni.

Baba mkwe wangu yuko Tukuyu, juu kabisa, kwenye migomba. Zamani aliugua kifua kikuu, akapona, lakini mapafu hayakurudi kama yalivyokuwa. Mwaka huu daktari akasema anahitaji oksijeni kila siku kwa saa kadhaa. Watoto wake wakachangishana, akapatikana mtu wa kuleta ile mashine ndogo inayochuja oksijeni kutoka kwenye hewa hii hii tunayovuta. Ina mpira mwembamba unaingia puani, na kila ukivuta pumzi yenyewe inasikia na kukusukumia oksijeni. Inatumia volti 19 za DC.

Shida ni kwamba Tukuyu mvua ikinyesha umeme unaaga. Na mnajua mvua ya Tukuyu haina likizo.

Nyumbani kwa mzee kuna sola, betri mbili zimeungwa zikawa volti 24. Walichofanya ni kuweka inverter. Yaani unachukua DC ya betri unaipandisha iwe AC ya ukutani, halafu unachomeka adapta inayoishusha tena iwe DC ya 19. Umepanda mlima ili ushuke upande ule ule, na njiani umeme mwingi umegeuka joto. Betri zilikuwa zinakata baada ya saa mbili hivi.

Kulikuwa na mtungi wa oksijeni wa akiba, kwa hiyo msianze kuniandikia kwamba tulimwacha mzee afe. Lakini mtungi unaisha, na kuujaza ni mpaka hospitali.

Daktari akasema maneno mafupi. Kama umeme wa nyumbani hauaminiki, mzee ahamie mjini karibu na hospitali, na akatoa mpaka mwisho wa mwezi unaofuata tuamue. Mjini maana yake kwa mtoto wake. Kwa mtoto wake maana yake kwetu, Ilomba, vyumba viwili.

Sasa hapa wasio Wanyakyusa nisikilizeni.

Kwa Wanyakyusa wa umri wa baba mkwe wangu, mke wa mtoto wako hukutani naye. Hamtazamani, hamsalimiani, hamli pamoja, haingii chumba ulichomo. Mkwe akisikia unakuja njia hii, anakata kona apite kwenye migomba. Si ugomvi, ni heshima, na ni heshima nzito. Vijana wengi wameacha, mume wangu mwenyewe anacheka. Mzee hajaacha. Nina miaka tisa kwenye ndoa hii na baba mkwe namjua kwa kofia yake ikiwa mbali na kwa kikohozi chake.

Mwaka wa kwanza nilichukia sana, Mhehe hapendi kukimbizwa. Mwaka wa pili nikazoea. Wa tatu nikaanza kuona na utamu wake, maana wenzangu walikuwa wanalalamika wakwe zao wanachungulia sufuria.

Lakini vyumba viwili, wakuu. Mlango mmoja, choo kimoja cha nje.

Mume wangu alikwenda kuongea na baba yake, akarudi macho mekundu. Mzee alikuwa amesema hawezi kumfanya mke wa mwanawe atembee kinyumenyume ndani ya nyumba yake mwenyewe. Afadhali abaki na mvua yake na pumzi atakayojaliwa.

Nikamwambia mume wangu, "Baba hahami. Mimi nitatengeneza umeme wake."

Sikusema kwa kujipa moyo. Nilimaanisha.

Tuingie kwenye kazi yenyewe. Nilitaka converter inayotoka volti 24 kwenda 19 moja kwa moja, bila kupita kwenye AC. Inavyofanya kazi ni kwamba kuna swichi ya elektroniki inawaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Mbele yake kuna koili na kapasita zinazolainisha hiyo washa zima iwe umeme uliotulia. Na kuna chip ndogo inayosoma kinachotoka, ikiona volti imeshuka inaongeza, ikiona imepanda inapunguza. Huko kusoma na kurekebisha ndiko feedback.

Mafundi wengi tunaidharau feedback. Tunaona koili, tunaona swichi, tunasema hapo ndipo kazi ilipo.

Chukulia unapika maharage jikoni, anayeonja yuko sebuleni, na katikati kuna mtu wa kubeba kijiko. Unatia chumvi. Kijiko kinaenda, jibu linarudi: bado haijakolea. Lakini jibu likiwa njiani wewe umeshaongeza, na ukilipata unaongeza tena. Jibu linalofuata: imezidi. Unatia maji. Baadaye: imekuwa chapwa. Unatia chumvi. Mnaendelea hivyo mpaka watu wanalala njaa. Chumvi haina kosa na mwonjaji hana kosa. Jibu linachelewa na mkono wako ni mzito, basi.

Kwenye converter ni vile vile. Koili na kapasita zinachelewesha taarifa. Chip ikirekebisha kwa nguvu wakati taarifa imeshapitwa, volti inayumba juu chini. Kuituliza hiyo hali kunaitwa compensation, na vifaa vyake ni resista na kapasita chache zisizojaza kifuniko cha soda. Ndizo zinazoamua chip irekebishe kwa kasi gani na ione mapema kiasi gani.

Nilitengeneza ya kwanza ya majaribio kwa vifaa nilivyobandua kwenye TV zile za kisogo. Kibandani kwangu ziko nyingi, zimekufa miaka. Nikaiwasha na kuipa kazi ya taa za gari, wiki mbili mfululizo. Volti 19.0, haikutikisika. Nikaihamishia kwenye radio ya kibandani na feni. Nilikuwa naipita naigusa kwa furaha.

Ndipo nikafanya kosa langu, na nililifanya kwa adabu.

Kwa ukweni hupeleki mitumba. Hili sikufundishwa na Wanyakyusa, nimelelewa nalo Kalenga. Hata viazi, mama yangu akipeleka kwa mkwe anachagua kimoja kimoja. Nilipompigia simu kumwambia ninachotengeneza, swali lake la kwanza lilikuwa kama vifaa ni vipya. Nikaona aibu. Baba mkwe niliyemkwepa miaka tisa kwa heshima, leo nimpelekee mabaki ya TV za watu?

Nikaagiza vyote vipya. Chip mpya, swichi mpya, na kapasita za daraja la juu kutoka Dar, zile ambazo muuzaji anakwambia ukinzani wake wa ndani ni mdogo sana. Mchoro ule ule, resista zile zile. Nikaweka na ulinzi wa kukata volti ikizidi 20, hilo nalishukuru mpaka leo. Nikafunga kwenye boksi safi la aluminiamu. Nikaijaribu siku moja na taa za gari. 19.0.

Nilijiona fundi kweli kweli.

Siku ya kupeleka tulienda na mume wangu. Ili niingie chumbani kwa mzee kufunga waya, ilibidi mzee atolewe kwanza. Alivaa koti, akakaa uani chini ya mvua ya manyunyu na mwavuli wake, mgongo kwangu. Nilifunga haraka kama mwizi. Nilipomaliza nikatoka mlango wa nyuma, yeye akaingia kwa mlango wa mbele. Mimi na mama mkwe tukakaa jikoni tukisikiliza.

Main switch ikazimwa. Mashine ikawaka. Mama mkwe akanishika mkono akasema, "Ndaga fijo, mwanangu." Ni asante sana kwa Kinyakyusa.

Haikupita dakika kumi tukasikia mluzi. Mwembamba, unapanda na kushuka. Halafu mashine ikapiga kelele za alarm ikazima.

Nilitamani ardhi inimeze. Kila nikiiwasha, mluzi, alarm, kimya. Na mimi siwezi kuingia kuona taa gani inawaka. Nauliza jikoni, mama mkwe anakwenda chumbani, anarudi. "Baba anasema inalia." Inalia wakati gani, akivuta pumzi au akitoa? Mama anakwenda, anarudi. "Anasema inalia tu." Inazima baada ya muda gani? Anakwenda. Yule mama ana magoti mabovu, wakuu. Alikwenda na kurudi mara kumi na kitu.

Nikaibeba nikarudi nayo Ilomba. Nikaijaribu na taa za gari. 19.0, kimya kabisa. Nilitukana kwa Kihehe peke yangu.

Nikafanya ambacho kila fundi angefanya: volti inayumba, ongeza kapasita. Nikaweka nyingine mbili, mpya, kubwa. Mume wangu akaipeleka. Ikawa mbaya zaidi, ilizima hata dakika tatu haijafika.

Nikaamua basi, chip ina haraka sana, niipunguze mwendo. Nikaweka kapasita kubwa kwenye ile sehemu ya compensation, chip ikawa nzito. Nikatuma tena.

Safari hii mama mkwe akapiga simu. "Mwanangu, haina mluzi tena. Inaendelea vizuri."

Nilipika wali siku ile.

Siku ya nne mume wangu alikwenda Tukuyu kwa shughuli zake. Alinikuta kibandani jioni, akasimama mlangoni bila kukaa. Akasema converter iko chini ya kitanda. Mzee anatumia mtungi.

Kumbe ni kweli mluzi haukuwepo. Lakini chip ilikuwa nzito mno. Mzee akivuta pumzi mashine inavuta umeme kwa ghafla, volti inadondoka, mpaka chip izinduke mashine imeshapiga alarm. Alarm na kuzima, alarm na kuzima, siku nzima. Mzee alimkataza mama asiniambie. Alisema, "Amehangaika sana yule, msimvunje moyo." Wakabeba mtungi kimya kimya kwa siku nne ili mimi nisione aibu.

Nililia, sifichi. Nililia kwa hasira, nusu dhidi yangu mwenyewe na nusu dhidi yao. Mimi nilikuwa natafuta jibu la kweli na watu wanaonipenda walikuwa wananiletea jibu lenye sukari. Na mtungi ulikuwa umebaki robo, na siku za daktari zilikuwa zimebaki kumi na moja.

(Mkuu mmoja chini ameshaandika kwamba nilikuwa nachezea mgonjwa. Sikatai. Ndiyo maana mtungi ulikuwa pembeni siku zote, na ndiyo maana niliweka ulinzi wa kukata. Lakini soma mpaka mwisho kwanza.)

Nikasema sibahatishi tena. Nilihitaji oscilloscope, kile kifaa kinachokuchorea umeme kwenye skrini uone unavyopanda na kushuka. Mita ya kawaida inakuonyesha wastani tu. Volti ikiruka juu na kushuka maelfu ya mara kwa sekunde, mita inakwambia 19.0 kwa uso mkavu.

Rafiki yangu Edina, tuliyesoma naye, anasimamia maabara kwenye chuo kimoja Iringa. Nikampigia. Akasema nije, maabara haina wanafunzi siku mbili.

Nikabeba converter zote mbili, ile mpya ya mzee na ile ya mitumba ya kibandani. Nililala Kalenga kwa mama. Asubuhi nikawa Iringa mjini.

Tukaanza na ile ya mzee. Edina akashauri nisiipe taa inayowaka moja kwa moja, niipe taa inayowashwa na kuzimwa, kama mtu anayevuta pumzi na kuachia. Jambo dogo hivyo, sikuwa nimelifikiria. Converter zote mbili nilikuwa nimezijaribu kwa mzigo uliotulia, wakati mgonjwa hapumui kwa mkupuo mmoja.

Nikairudisha compensation yangu ya mwanzo, tukawasha. Kila taa ikiwaka, mstari kwenye skrini unaruka, unayumba, unayumba, unayumba, ndipo unatulia. Mara nyingine hautulii. Ule ndio mluzi.

Tukaunga ile ya mitumba. Taa ikawaka. Mstari ukashuka kidogo, ukarudi mahali pake, ukakaa.

Edina akaniangalia. "Si ulisema mchoro ni ule ule?"

"Ni ule ule. Hata resista nilizitoa pakiti moja."

"Sasa kimebadilika nini?"

Nikamjibu hakuna kilichobadilika, nimeweka vipya tu. Na nilipojisikia nikisema hivyo, nikaanza kucheka, kile kicheko cha mtu anayetaka kulia.

Tukazibandua kapasita za TV tukazipima. Kapasita kila moja ina ukinzani kidogo ndani yake, na ikizeeka ukinzani huo unaongezeka. Zile za TV zilikuwa na ukinzani karibu mara nane ya zile mpya. Vitabu vinasema hiyo ni kasoro. Lakini kasoro hiyo ina kazi moja: umeme unapobadilika ghafla, ukinzani ule unaonyesha badiliko papo hapo, kabla kapasita yenyewe haijashuka. Chip inapata habari mapema. Yaani mwonjaji amehamia jikoni.

Mchoro wangu ulikuwa umesimama juu ya uzee wa kapasita na mimi sikujua. Nilipoweka mpya nzuri, nikaondoa nguzo. Nilipoongeza nyingine mbili, nikaondoa zaidi.

Edina akasema njia fupi ni kurudisha za zamani. Ingefanya kazi, lakini nilikataa. Kapasita iliyochoka itaendelea kuchoka, na mzee hawezi kupumua kwa kutegemea uzee wa kitu ambacho kesho kitakuwa kizee zaidi. Nikamwambia nataka itulie kwa hesabu, isitulie kwa bahati.

Siku mbili hizo nilishika kalamu kama nina mtihani. Nikakokotoa koili na kapasita zangu zinaanza kuchelewesha wapi. Nikaongeza kapasita ndogo na resista sambamba na ile resista inayopeleka taarifa kwenye chip, ili taarifa iwahi yenyewe bila kutegemea ukinzani wa kapasita. Nikapunguza mkono wa chip mahali panapotakiwa na si kila mahali. Wenye fani mtaijua, ni compensation ya type three. Hesabu zangu za chuo nilikuwa nimezisahau, ikabidi niombe daftari la mwanafunzi wa Edina.

Mara ya kwanza iliyumba mara tatu ndipo ikatulia. Nikabadilisha resista. Mara mbili. Nikabadilisha tena. Saa kumi jioni ya siku ya pili taa ikawaka, mstari ukashuka kiduchu ukarudi bila kuyumba. Tukaipiga joto kwa dryer ya nywele, tukaiweka kwenye friji ya maabara, maana asubuhi za Tukuyu mnazijua. Ikakaa.

Nilirudi Mbeya na siku nane mkononi.

Lakini sikutaka tena kuletewa majibu jikoni. Tulipofika Tukuyu nikamwambia mama mkwe kwa upole, ila nilisema yote. Mama, nyinyi mlinificha kwa upendo, na upendo ule ulinichelewesha. Safari hii nahitaji jibu la baba lenyewe, saa ile ile, kama ni baya liwe baya.

Mama akaingia chumbani. Alikaa humo muda mrefu. Akatoka na jibu ambalo sikulitegemea. Mzee alisema nikae nje, nyuma ya ukuta wa chumba chake, chini ya dirisha. Yeye atakuwa na fimbo yake. Ikiwa mbaya atagonga ukuta mara moja. Ikiwa nzuri, mara mbili.

Sijui alifikiria siku ngapi. Hatutazamani, hatusemeshani, hajavunja kitu. Lakini kati yangu na yeye hakukuwa na mtu tena.

Nikaweka stuli chini ya upenu wa bati, mgongo ukutani. Oscilloscope ya Edina, ndogo ya betri, nilikuwa nimeiazima, nikaiweka juu ya ndoo na kuifunika koti, waya wake ukapita dirishani mpaka kwenye converter. Ilikuwa mchana, mvua ile ya siku zote. Mume wangu akazima main switch.

Mashine ikanguruma. Nikasubiri.

Ngo. Mara moja.

Nikaangalia skrini, volti iko sawa. Mume wangu akachungulia, mpira wa puani ulikuwa umejikunja. Akaunyoosha. Ngo ngo.

Dakika tano. Ngo ngo. Dakika kumi, pale ilipokuwa inazima. Ngo ngo. Sikumwomba agonge kila mara, lakini aliendelea. Nusu saa. Saa nzima. Mimi niko nje na maji yanadondoka mabegani, nangoja fimbo ya mzee kama nangoja majibu ya mtihani wa taifa.

Saa ya pili, pale betri zilipokuwa zinakata zamani, bado zilikuwa na nguvu ya kutosha. Ngo ngo.

Halafu ukimya.

Dakika tano hakuna kitu. Saba. Mume wangu alikuwa amekwenda dukani, mama yuko shambani nyuma. Nikasimama. Nikasogea mpaka pembe ya nyumba, mlango wa mbele nauona uko wazi. Hatua sita. Na miguu yangu, wakuu, Mhehe mimi, ikagoma, lakini nilikuwa nimeshaamua nikihesabu kumi naingia, mwiko nitaulipia baadaye.

Kabla sijafika kumi nikageuka kuangalia skrini.

Mstari ulikuwa unashuka kidogo na kurudi. Unatulia. Unashuka kidogo na kurudi. Kila mshuko ni mashine inasukuma oksijeni, na inasukuma pale tu mtu anapovuta pumzi. Nikaanza kuhesabu. Ilikuwa taratibu, imelingana, tofauti na saa ya kwanza alipokuwa anavuta kwa haraka haraka.

Mzee alikuwa amesinzia.

Nikarudi kwenye stuli. Sijawahi kumtazama baba mkwe wangu usoni, na siku ile nilikaa karibu saa nzima nikimtazama anavyopumua. Mama aliporudi nikamwambia baba amelala. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwonyesha kile kimstari. Akakitazama kwa muda, akavua kitenge chake cha juu akanifunika nacho mabegani.

Betri zilidumu kwa saa nne na nusu. Daktari tulimpelekea habari kabla siku hazijaisha, tukamweleza yote, akauliza maswali mengi ya maana, akakubali mzee abaki, mtungi ukae pembeni na tumjulishe kila wiki. Tangu hapo umeme umekatika mara nyingi sana kiasi kwamba hatuhesabu. Mzee yuko kwake, kwenye migomba yake.

Nilichojifunza. Kitu kikifanya kazi, jua kwa nini kinafanya kazi kabla hujakiboresha. Jaribu kwa mzigo unaofanana na maisha, taa inayowaka moja kwa moja haitakwambia kitu. Ukibadilisha kapasita hata kwa nzuri zaidi, rudia hesabu ya feedback. Na nyinyi mnaowaficha mafundi na watoto wenu ubaya wa kazi zao ili msiwavunje moyo, acheni. Tupeni jibu likiwa la moto.

Mafundi, nani mwingine ameharibu kitu kwa kuweka kipya? Na nyinyi wa hesabu, mkiona type three yangu inaweza kutulia zaidi ya hapo, niambieni na kosa lake bila kunionea haya, maana kuna mtu anapumua nayo.